Kisukari, homoni za kike na mishipa ya damu: majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Baada ya toleo lililopita kuzungumzia presha, tumepokea barua nyingi kutoka kwa wanawake wanaoishi na kisukari, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: homoni za mwanamke zina uhusiano gani na mishipa yake ya damu pale sukari inapoingia kati? Daktari wetu amezijibu barua sita. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Asalamu alaykum daktari. Nina umri wa miaka 44, na huu ni mwaka wa sita tangu niambiwe nina sukari. Bado ninaona siku zangu kila mwezi. Jirani yangu, ambaye ni mtu wa kusoma sana, ameniambia kwamba mwanamke hapati maradhi ya moyo mpaka akome hedhi, kwa sababu homoni zake zinamkinga. Je, na mimi ninakingwa, au sukari imeiondoa kinga hiyo? (Mama wa watoto watano, Wete)

JIBU: Wa alaykum salamu, mama. Jirani yako hakukudanganya, ila alichokisoma kinamhusu zaidi mwanamke asiye na kisukari, na hata huyo hatari yake ni ndogo tu, haikosekani kabisa. Swali lako nitalijibu kwa urefu, kwa sababu majibu yote yanayofuata katika ukurasa huu yanalitegemea.

Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa utando mwembamba wa tabaka moja tu la seli, na utando huo ndio unaoamua mshipa utanuke au ubane, damu ipite vizuri au igande. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na gesi iitwayo naitriki oksidi, ambayo seli za utando huizalisha zenyewe muda wote. Gesi hii huilegeza misuli ya ukuta wa mshipa, huzizuia chembe za kugandisha damu zisishikane ovyo, na huzizuia seli nyeupe zisijibandike ukutani na kuanzisha uvimbe. Utafiti uliofichua kazi yake ndio uliowapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Sasa estrojeni, ambayo ni homoni kuu ya kike inayotengenezwa na ovari, hukichochea kimeng'enya kinachozalisha gesi hiyo, na pia huisaidia kolesteroli nzuri iongezeke na ile mbaya ipungue. Hiyo ndiyo kinga aliyoisoma jirani yako.

Sukari inapokaa juu kwa muda mrefu, utando huohuo ndio unaoumia mwanzo. Seli zake huanza kuzalisha kemikali kali za oksijeni, ambazo huiharibu naitriki oksidi kabla haijaifikia misuli ya mshipa. Hali ikiendelea, kile kimeng'enya ambacho estrojeni hukichochea hupoteza mwenendo wake, kikawa chenyewe kinatoa kemikali kali badala ya gesi yenye manufaa. Aidha, insulini kwa kawaida huusaidia mshipa kutanuka, lakini kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa mzito kuipokea insulini, msaada huo hufifia. Kwa hivyo estrojeni ya mwanamke ambaye sukari yake haijadhibitiwa ni maji yanayotiwa kwenye pakacha: ovari zinafanya kazi yake, homoni ipo kwenye damu, hedhi inakuja kwa wakati wake, na hata hivyo mishipa haipati kile ilichokuwa ikipata.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika mji wa Framingham huko Marekani, ambako wakaazi walianza kufuatiliwa afya zao tangu mwaka 1948, ilionekana kufikia miaka ya 1970 kwamba kisukari huongeza hatari ya maradhi ya moyo kwa wanawake kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wanaume. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha tafiti 64 zenye watu zaidi ya 850,000, ulithibitisha hivyo: mwanamke mwenye kisukari, akilinganishwa na mwanamke asiye nacho, alikuwa na hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo iliyokaribia mara 3, ilhali kwa mwanamume mwenye kisukari, akilinganishwa na mwanamume asiye nacho, hatari hiyo ilikuwa mara 2 na kidogo. Kwa kiharusi pia mwanamke ndiye anayeongezewa zaidi.

Hata hivyo, mama, si haki tuibebeshe homoni lawama yote. Wanawake wengi hufika kwenye utambuzi wa kisukari wakiwa wamekaa muda mrefu zaidi na sukari iliyopanda kidogo kidogo, huku uzito na presha vikipanda pamoja nayo. Na wakishatambuliwa, katika nchi nyingi wanawake wamekuwa wakiandikiwa dawa za kulinda moyo mara chache kuliko wanaume, kwa sababu hiyohiyo kwamba mwanamke ambaye bado anaona siku zake anadhaniwa yuko salama. Dhana hii inaniudhi, kwa sababu inawanyima wanawake matibabu ambayo yapo na yanafanya kazi.

Ninachokuomba ufanye ni kwenda kwenye kliniki yako ya sukari ukiwa na maswali mahususi mkononi. Uliza kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kiwe chini ya asilimia 7. Uliza presha yako, ambayo inafaa iwe chini ya 130 kwa 80 ikiwa inawezekana kufikiwa bila ya kukuletea kizunguzungu. Uliza kama mkojo wako umepimwa protini, kwa sababu protini ikianza kuvuja, huwa ni dalili ya mapema kwamba mishipa midogo ya figo imeguswa. Na kwa kuwa umevuka miaka 40, zungumza na daktari wako kuhusu dawa za kushusha kolesteroli za kundi la statini, ambazo miongozo mingi inazipendekeza kwa wenye kisukari wa umri wako hata kama kolesteroli haijapanda sana. Mwambie pia kama bado unatarajia kuzaa, maana dawa hizo hazifai wakati wa mimba.

Ujue pia kwamba mshtuko wa moyo kwa mwanamke mwenye sukari hauji lazima kwa maumivu makali ya kifua. Kisukari huua hisia za mishipa ya fahamu, kwa hivyo huenda ukaishiwa pumzi kwa kazi ndogo, ukatokwa na jasho la baridi, ukahisi kichefuchefu, uchovu usio na sababu, au maumivu ya taya, bega au mgongo. Ukiyaona hayo kwa ghafla usiyaite gesi ukalala nayo hadi asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Daktari, nina miaka 53 na hedhi yangu imekoma miaka miwili iliyopita. Nina sukari na ninatumia vidonge. Ninasumbuliwa na joto la ghafla, usiku silali, na mdogo wangu anayeishi Muscat ameniletea vidonge vya homoni. Anasema vitanirejeshea nguvu na kunisafishia mishipa ya moyo. Nivitumie? (Mkaazi wa Ng'ambo, Unguja)

JIBU: Dada yangu, usivimeze kwanza. Mdogo wako amekufikiria kwa mapenzi, na katika maneno yake mna ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una historia ambayo inakupasa uijue.

Ni kweli kwamba hedhi inapokoma mishipa hupata hasara. Estrojeni hushuka sana, mafuta ya mwili huhamia tumboni, kolesteroli mbaya na presha hupanda, na kuta za mishipa huzidi kukakamaa. Ovari huendelea kutoa testosteroni kidogo hata baada ya estrojeni kukatika, kwa hivyo uwiano wa homoni huelemea upande wa zile za kiume. Kwa mwanamke mwenye kisukari mabadiliko haya huja juu ya mishipa iliyokwisha kuchoka. Wanasayansi wa karne iliyopita walipoyaona haya walifikiri kama ulivyofikiri wewe: turejeshe homoni, mishipa itarejea.

Ndipo ukafanyika utafiti mkubwa Marekani, ambapo wanawake zaidi ya 16,000 waliokwisha kukoma hedhi waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vyenye estrojeni na projestini, yaani projesteroni (homoni nyingine ya kike) ya kutengenezwa, wengine vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2002 utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa homoni walipata zaidi mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda na saratani ya matiti. Miaka miwili baadaye ikasimamishwa sehemu ya pili, ya wanawake waliotolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake, baada ya kuonekana kwamba kiharusi kimeongezeka. Tangu hapo hatutoi homoni kwa lengo la kulinda moyo, na hilo ndilo jibu kwa neno la kusafisha mishipa.

Lakini habari haikuishia hapo, na ninasikitika kwamba woga uliotokana na mwaka 2002 umewafanya wanawake wengi wateseke bila ya sababu. Washiriki wa utafiti ule walikuwa na wastani wa miaka 63, yaani wengi wao walianza dawa miaka mingi baada ya hedhi kukoma, mishipa ikiwa imeshaganda mafuta. Matokeo yalipochambuliwa upya kwa umri, walioanza chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, walikuwa na madhara machache zaidi. Jambo jingine ni njia inayotumika kuiingiza dawa mwilini. Estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini kwanza, na huko huongeza viini vya kugandisha damu na aina mojawapo ya mafuta kwenye damu, ilhali ile ya kubandika au kupaka kwenye ngozi huingia kwenye damu moja kwa moja na haionekani kuwa na hatari hiyo ya kugandisha damu. Kwa mgonjwa wa kisukari tofauti hii si ndogo.

Kwa hivyo swali la kumpelekea daktari wa wanawake si kama homoni ni nzuri au mbaya. Muulize kama joto na kukosa usingizi kunakusumbua kiasi cha kuhitaji dawa. Kama umewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda mguuni au saratani ya matiti, ambavyo kwa kawaida huifunga njia hiyo. Na kama una kizazi, kwani mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake bila ya projesteroni huwekwa katika hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi. Ikiwa shida yako kubwa ni ukavu ukeni, jambo ambalo akina mama wengi huona haya kulitaja, zipo krimu za estrojeni za dozi ndogo za kutumia hapohapo, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Ukianza homoni ya aina yoyote, pima sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, kwa sababu huenda ikashuka na dawa zako zikahitaji kupunguzwa.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, ninafundisha skuli, sijaolewa. Hedhi yangu hukaa hata miezi mitatu isije, ninaota ndevu kidevuni, na nimeambiwa kwa picha ya utrasaundi kwamba ovari zangu zina vifuko vingi vidogo. Juzi nimepimwa, sukari imekutwa kwenye mpaka. Haya mambo yana uhusiano, au ni mikosi miwili tofauti? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni jambo moja, na wala si mkosi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hii inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui.

Mwili wako umekuwa mzito kuipokea insulini, kwa hivyo kongosho inaitoa kwa wingi zaidi. Insulini hiyo nyingi inaziamuru ovari zitengeneze testosteroni kupita kiasi, na wakati huohuo inalizuia ini kutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuibeba testosteroni na kuituliza. Testosteroni iliyo huru ndiyo inayoleta ndevu na chunusi, na ndiyo inayovuruga upevukaji wa yai. Ajabu ya homoni hii ni kwamba kwa wanaume ikipungua ndipo hatari ya kisukari inapopanda, na kwa wanawake ikizidi. Mishipa nayo haisalimiki: wasichana wenye hali hii mara nyingi mishipa yao hutanuka kwa udhaifu, ingawa bado ni vijana na hawahisi chochote.

Kama una uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako wote mara nyingi hutosha kuirejesha hedhi na kuishusha sukari. Tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, punguza chai ya sukari na mandazi ya asubuhi, na sahani ya wali wa nazi ipungue huku samaki na mchicha vikiongezeka. Daktari huenda akakupa metfomini, dawa inayousaidia mwili kuipokea insulini. Ukiolewa kumbuka kwamba dawa hiyo, na kupungua uzito pia, huweza kulirejesha yai bila ya taarifa, na mimba ikaja wakati hukuitazamia. Rejea kupima sukari kila mwaka.

SWALI: Nina miaka 38, nina sukari mwaka wa kumi na mbili, na daktari wa macho amesema mishipa ya jicho imeanza kuathirika. Ninatumia vidonge vya majira. Niendelee navyo? (Mama, Mkoani)

JIBU: Kama ni vidonge vya mchanganyiko, yaani vyenye estrojeni na projestini, basi nenda ukabadilishiwe mapema, na mpaka utakapobadilishiwa wewe na mume wako mtumie kondomu.

Najua nimetangulia kusema kwamba estrojeni ni rafiki wa mishipa. Ile ya vidonge vya majira hutengenezwa kiwandani, ina nguvu kubwa kwenye ini, huifanya damu kuwa nyepesi kuganda, na kwa baadhi ya wanawake hupandisha presha. Mwanamke mwenye kisukari ambaye hajapata madhara yoyote kwenye mishipa kwa kawaida anaweza kuvitumia chini ya uangalizi. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavikataza kwa kawaida kwa mwenye kisukari ambaye macho, figo au mishipa ya fahamu imeguswa, au ambaye ameishi na maradhi hayo zaidi ya miaka 20. Sindano ya miezi mitatu pia kwa kawaida haipendekezwi kwa mtu wa hali yako.

Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa na hakigusi sukari wala mishipa, ingawa hedhi huenda ikawa nzito zaidi. Vijiti vya kuweka mkononi vina projestini peke yake na kwa kawaida vinaruhusiwa. Usiache kinga bila ya mbadala, kwa sababu mimba isiyopangwa wakati jicho limeshaguswa inaweza kuliharibu haraka zaidi kuliko kidonge chochote.

SWALI: Nina sukari ya kutumia insulini tangu nikiwa skuli ya msingi. Wiki moja kabla ya siku zangu sukari hupanda ingawa chakula ni kilekile. Ni kweli au ninajidanganya? (Binti wa miaka 21, Konde)

JIBU: Hujidanganyi. Katika nusu ya pili ya mzunguko projesteroni hupanda, na kwa wanawake kadhaa huufanya mwili uipokee insulini kwa uzito. Hedhi ikianza, mambo hurejea, na wengine hushuka ghafla. Andika vipimo vyako pamoja na tarehe za hedhi kwa miezi mitatu, umpelekee daktari akupangie dozi ya siku hizo.

Na kuhusu Ramadhani: kwa mwenye kutumia insulini tangu utotoni kufunga kuna hatari kubwa, na mazungumzo hayo yafanyike Shaabani au kabla yake, si usiku wa kuandama mwezi. Ukiruhusiwa kufunga, hedhi itakapokuja na ukaanza kula mchana, usibaki na dozi za futari na daku, bali rejea kwenye mpango wa siku za kawaida. Wasichana wengi husahau hili.

SWALI: Nilipata sukari nikiwa na mimba ya mwisho, na presha ilipanda mwezi wa nane. Baada ya kujifungua nikaambiwa imekwisha. Mtoto sasa ana wiki tatu. Nihesabu nimepona? (Mzazi, Chake Chake)

JIBU: Hongera kwa mtoto, na Mungu amkuze. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoupunguzia mwili uwezo wa kuipokea insulini, ili chakula kimfikie mtoto kwa wingi. Kongosho la mama likishindwa kufidia, sukari hupanda. Kondo likitoka homoni hizo huondoka, na sukari mara nyingi hurejea chini siku hizohizo, ndiyo maana umeambiwa imekwisha.

Lakini mwanamke aliyepata sukari ya mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu inayokaribia mara 10 ya yule ambaye hakuipata, na presha ya mimba nayo huacha hatari yake kwenye moyo na mishipa kwa miaka ya mbele. Wakati mzuri wa kupima upya unaanza wiki ya sita, kwa hivyo ukitoka arobaini tu nenda ukapimwe sukari, ikiwezekana kwa kipimo cha kunywa maji ya glukosi, na presha pia. Chukua kadi yako ya mimba, kwa sababu daktari wa kliniki ya kawaida hatajua yaliyotokea kama hukumwonyesha. Matokeo yakiwa mazuri, rudia kila mwaka. Nyonyesha kadiri unavyoweza, kwani akina mama wanaonyonyesha kwa muda mrefu wameonekana kupata kisukari kwa uchache. Na ukikusudia kubeba mimba nyingine, pima sukari kabla ya kuibeba, kwa sababu viungo vya mtoto huumbika katika wiki nane za mwanzo, wakati ambapo wanawake wengi bado hawajafika kliniki.